Ukurasa Uliobaki Februari

Jumatatu, 16 Februari 1998

Ijulikane kwa wote wanaohusika, wa bondeni na wa ng'ambo, kwamba leo saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi mstari wa kijani uliokuwa juu ya ukurasa wa intaneti wa Mradi wa Mbegu za Mpunga, Ifakara, umehamishwa rasmi kwenda upande wa kushoto. Shughuli imefanywa na mimi, Polikarpo, fundi kompyuta wa mradi, bila hotuba na bila chai. Hakuna aliyejeruhiwa.

Daftari hili nilipewa na mzungu aliyetuletea kompyuta. Aliniagiza niandike kila ninachobadilisha kwenye ukurasa, ili siku ukiharibika nijue pa kurudi. Yeye alirudi kwao Novemba. Naandika kama alivyosema, ila nimeanza kuandika na watu, maana nao huharibika.

Jumatano, 18 Februari

Mzee Maximilian, meneja wetu, alileta wageni kutoka wilayani waone ukurasa. Ukachelewa kufunguka. Wageni walimaliza soda wakitazama kioo cha kijivu, mmoja akauliza kama hiyo ndiyo intaneti yenyewe. Walipoondoka Mzee akaniita. Hakufoka. Alisema tu, "Bwana Poli, nimeaibika." Angefoka ningelala vizuri.

Alhamisi, 19 Februari

Nimepata dawa. Niieleze hapa vizuri, huenda ikamsaidia mwingine.

Tuna kompyuta mbili. Ya Dada Balbina haina simu. Kazi yake ni kuchapa jedwali la wiki: mvua, kina cha mto, mbegu zilizotolewa. Ya Mzee ndiyo yenye waya wa simu, kwa sababu simu iko chumbani kwake. Kila Ijumaa Balbina ananikabidhi jedwali kwenye diski. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla Mzee hajafika, nakaa kwenye kiti chake, napiga Dar, napeleka jedwali, nakata. Amri ya Mzee ni dakika nne, zisizidi. Kwa hiyo nikishapeleka sikai kuutazama. Mzee huufungua mwenyewe saa mbili, na akitaka kitu cha kuonyesha wageni hubonyeza kikachapwa.

Sasa, kumbe kompyuta ikishauona ukurasa mara moja huweka nakala tumboni. Ukiuomba tena, inapiga kwanza Dar kuuliza kama kuna kilichobadilika. Hapo ndipo soda zinapoisha. Nimekuta mahali pa kuiagiza iulize mara ngapi. Machaguo ni matatu: kila mara, mara moja kila ukiiwasha, na kamwe.

Nilichagua kamwe.

Ukurasa unafunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Mzee aliufungua mara sita, akamwita hadi mlinzi aje kuona. Jioni akaniambia jina langu ameliweka kwenye orodha ya kozi ya kompyuta Dar, mwezi wa sita, wiki mbili.

Jumatatu, 23 Februari

Nimepeleka jedwali. Dakika tatu. Mvua.

Ijumaa, 27 Februari

Balbina ameniletea diski na kunikumbusha kwamba jina la mto "Lumemo" niliandika "Lumumo" kwenye ramani ya ukurasa. Huyu dada ana macho ya kutafuta nzi kwenye maziwa ya jirani. Nimerekebisha.

Jumatatu, 2 Machi

Nimepeleka. Mvua. Kihesabu, kwenye kioo cha Mzee, kinasoma 204.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepeleka. Mvua. Kihesabu bado 204.

Hiki kihesabu ni kipicha chenye tarakimu juu ya ukurasa. Kila mtu akiufungua ukurasa, popote duniani, kinaongezeka moja. Zaidi ya wiki mbili hakijaongezeka. Ama dunia imetususa, ama kimekufa. Nimekitoa na kukirudisha upya.

Jumanne, 10 Machi

204. Nimeongeza kihesabu cha aina nyingine.

Jumatano, 11 Machi

204. Vitabu vinashauri kupima kitu kimoja kimoja, ukitoa na kurudisha, mpaka umpate mkosaji. Nimefanya hivyo. Nimeongeza kihesabu cha tatu. Nimeweka na wingu linalonyesha mvua, kuona kama litatokea. Halikutokea. Nikaliweka tena. Mstari wa kijani nimeurudisha juu. Umekataa kutoka kushoto. Neno "Lumumo" nalo limerudi, ilhali nililifuta kwa mkono wangu. Ukurasa unanidharau.

Ijumaa, 13 Machi

Mzee aliniita chumbani kwake. Amegundua kwamba jedwali kwenye ukurasa bado ni la wiki ya pili ya Februari. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa hali yake, "Bwana Poli, jedwali unalipeleka?"

Nikajibu, "Napeleka kila ninapoletewa diski, Mzee."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeikagua tangu mchana. Kila neno limesimama mahali pake. Lakini nilipoisema nilimwona Mzee akigeuza macho taratibu kuelekea mlango wa Balbina, nami nikayaacha yaende.

Najitetea hivi: sijui tatizo liko wapi. Huenda kweli ni diski.

Jumatatu, 16 Machi

Balbina aliitwa. Mlango ulikuwa wazi, nami nikaitwa kama shahidi. Akasema yeye hajakosa hata Ijumaa moja, hata ile aliyotoka kusoma kipimo cha Lumemo na homa mwilini. Kisha akanigeukia. "Kaka Poli, si nakukabidhi mkononi? Mwambie Mzee."

Nikasema diski hizi msimu wa mvua hupata unyevu. Ni kweli, hupata.

Balbina alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesoma kipimo, anainama kidogo ili asikosee namba.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. 204.

Alhamisi, 19 Machi

Mkutano wa wakulima, chini ya turubai uani kwa mradi. Mzee alivaa koti. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti kwa sababu stendi yake ilivunjika. Alichapa ukurasa wetu asubuhi, akiamini baada ya Jumatatu jedwali limeshabadilika, akasimama nao, akawasomea wakulima kwamba kina cha mto ni mita moja na kidogo, kwa hiyo mbegu za bondeni chini zichukuliwe bila wasiwasi.

Mvua ilikuwa inapiga turubai hata nikalazimika kumsogezea kipaza sauti mdomoni.

Ndaki akainua mkono. Ndaki ni Msukuma, alihamia upande wa Lupiro na ng'ombe wake miaka michache iliyopita, sasa analima mpunga na anatupimia mvua nyumbani kwake. Alisimama, suruali imelowa mpaka kiunoni, akamwamkia Mzee kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzee, mimi nimevuka maji ya kifuani kuja kukusikiliza. Hiyo mita moja iko mto gani?"

Watu walicheka. Mmoja nyuma akasema labda Mzee anapima kwa kusimama juu ya ng'ombe wa Ndaki. Mzee alicheka nao, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Hakumtazama mtu. Mbegu za bondeni chini hazikutolewa, ashukuriwe Ndaki na suruali yake.

Ijumaa, 20 Machi

Balbina amepewa barua ya onyo. Mkataba wake unaisha tarehe 31. Mzee amesema hataandika wa kuuongeza. Mtu aliyemfanya asomee watu namba za mwezi uliopita hawezi kuendelea naye. Mzee si mtu wa hasira. Aliyasema hayo kwa huzuni, na ndiyo sababu nilijua hatabadilika.

Balbina ameniletea diski ya Ijumaa kama kawaida. Imeandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu. Nimeipokea. Nimemwambia ahsante.

Jumatatu, 23 Machi

Simu imekufa. Nguzo imelala njia ya Lumemo. Sikupeleka.

Jumanne, 24 Machi

Simu bado imekufa. Nimejaribu mara tano. Ukiinua mkono wake husikii hata mlio.

Saa mbili Mzee akaingia, akafuta miguu, akakaa, akafungua ukurasa wetu. Ukafunguka mara moja. Akausoma, akaguna, akasema, "Alau kasi haijapungua."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Simu imekufa siku ya pili. Mzee anasoma intaneti.

Nilibaki na kile kikombe mpaka kikapoa. Karibu wiki tano hatujauona ukurasa. Tumekuwa tukitazama tumbo la kompyuta ya Mzee, nakala ya tarehe 19 Februari saa nne asubuhi, kwa sababu mtu mmoja aliiagiza isiulize tena kamwe. Majedwali ya Balbina yamefika yote, ila la Ijumaa iliyopita. Yako Dar, yamekaa mahali pake, dunia nzima inaweza kuyasoma isipokuwa sisi.

Jumatano, 25 Machi

Sababu za kutosema:

Ningesema jana, lakini Mzee alikuwa na ugeni wa paroko.

Sababu ya pili ni kozi ya Dar.

Nimefikiria ya tatu asubuhi yote. Hakuna.

Nimejiambia nitatengeneza kwanza kimyakimya, kisha Mzee ataona majedwali kwa macho yake, Balbina atasafishika, na hakuna atakayelazimika kuuliza ilikuwaje. Nimeona ni mpango wa mtu mwenye huruma. Nimeona pia kwamba mwenye kuhurumiwa humo ni mimi.

Alhamisi, 26 Machi

Nimebadilisha agizo kutoka kamwe kwenda kila mara, nikafuta nakala yote iliyokuwa tumboni. Nikasahau kwamba simu imekufa. Saa mbili Mzee amefungua ukurasa, akapata kioo cha kijivu na maneno ya Kiingereza ya kukata tamaa. Akasema, "Sasa hata Februari imekwisha?"

Nikamwambia ni mvua.

Ijumaa, 27 Machi

Balbina kaleta diski. Nikamwambia asingejisumbua, simu imekufa. Akasema kazi yake ni kuleta. Akauliza kama ni kweli mashine ya Mzee haifunguki tena. Nikasema kweli. Akauliza, "Na siku simu ilipokufa, ilikuwa inafunguka?"

Nilidondosha diski. Nilipoinuka alikuwa ameshaondoka.

Nilikuwa namwita mkorofi. Nimehesabu: tangu nianze kazi hapa ameniambia makosa kumi na saba, na yote kumi na saba yalikuwa makosa.

Jumanne, 31 Machi

Leo ameaga. Alipita chumba kwa chumba, akamshika Mzee mikono yote miwili, akamwambia shikamoo ya mwisho kama binti anayeolewa mbali. Kwangu alifika na funguo za kabati. Akasema soketi ya kompyuta yake inacheza, nisiguse na mikono mibichi. Kisha akaenda kuwahi pantoni, kwao ni Lupiro, ng'ambo ya mto. Alisahau, au aliacha, redio yake ndogo mezani.

Ningeweza kumfuata mpaka barabarani. Mvua haikuwa kubwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Pantoni imesimama. Mto umepanda sana. Nimesikia redioni, kwenye redio yake.

Jumatatu, 6 Aprili

Watu wa simu wameinua nguzo jana. Saa kumi na mbili nilipiga Dar, ikaita. Nikapeleka majedwali mawili ya mwisho ya Balbina. Nilikuwa nimepanga kuufungua ukurasa mwenyewe, lakini Mzee aliwahi, alikesha na jino, akakuta nimekaa kwenye kiti chake. Nikataka kuinuka. Akasema kaa, fungua.

Nikafungua. Ulikuja polepole, mstari mmoja mmoja, kwa sababu safari hii ulikuwa unatoka Dar kweli.

Kwanza vilitokea vihesabu vitatu, kila kimoja na namba yake. Halafu mawingu mawili yakinyesha mvua kwa pamoja. Mstari wa kijani ulikuwa juu, na mwingine niliosahau kuufuta kushoto, ukikatiza neno "Ifakara" katikati. Kila dawa niliyotia nikiwa sioni ilikuwa imeingia, nami nilitia zote. Na chini ya takataka zangu hizo, safi kama mashuka ya hospitali, yalikuwepo majedwali ya Balbina, moja baada ya jingine. Mto: moja na kidogo. Moja na nusu. Mbili. Mbili na nusu. Tatu kasoro. Tatu. Tatu na kidogo. Chini ya kila jedwali, tarehe na herufi ya jina lake.

Mzee aliinama mpaka nikasikia karafuu aliyoweka kwenye jino. Akayasoma yote, kidole kikitembea juu ya kioo. Kisha akasema, "Kumbe ameyaleta. Angeyaleta mapema tusingefika huku."

Mlango ulikuwa huo hapo, wazi. Nilitakiwa kusema "ndiyo, Mzee" tu, maneno mawili, na maisha yangeendelea. Nilijisikia nikivuta pumzi ya kuyasema.

Nikasema, "Yalikuwepo, Mzee. Alikuwa anayaleta kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyeizuia mashine isiyaone."

Nikamweleza yote. Soda za wageni, tumbo la kompyuta, kamwe. Aliuliza maswali mafupi kama ya daktari. Tangu lini iko hivyo. Tangu lini umejua. Nikasema tangu tarehe 24, siku aliyosoma bila simu.

Akakaa kwenye kiti cha wageni. Akasema, "Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu waliovuka maji ya kifuani, nikawasomea Februari."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwa nimeshika kipaza sauti."

Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, kwamba na yeye alikuwa na dirisha. Mvua alikuwa anaiona. Alipokuwa anasoma ile mita moja alijua haiwezekani, lakini ilikuwa imechapwa vizuri.

Nilitamani anitukane. Badala yake akachukua orodha ya kozi ya Dar, akalikata jina langu kwa rula.

Jumanne, 7 Aprili

Mzee ameandika barua mbili kwa mkono wake. Moja ya kufuta onyo, moja ya kumrudisha Balbina kazini kwa mkataba mpya. Pantoni bado haitembei. Ndaki alikuwa amekwama upande huu wiki nzima. Kapata mtumbwi wa kumvusha leo. Amezifunga barua kwenye nailoni na kuzitia kofiani. Nikamwomba ampe na redio. Akauliza kama ina ujumbe. Nikasema hapana, ina betri mpya.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili

Kanisani. Paroko alihubiri kuhusu jiwe kuondolewa mlangoni. Sikuweza kutazama mbele.

Alhamisi, 16 Aprili

Ndaki amerudi na vipimo vya mvua. Nikamuuliza Balbina amesema nini. Akasema amesoma, amekunja, amerudi shambani kupandikiza. Nikauliza hakusema kitu kabisa? Ndaki akafikiri. Akasema alisifu betri.

Jumatano, 22 Aprili

Pantoni imeanza.

Ijumaa, 24 Aprili

Amekuja. Ijumaa, ilivyo ada yake. Alianza kwa Mzee, wakakaa saa nzima, nikasikia Mzee akikohoa sana. Kisha akaja kwangu. Nilisimama. Sikuwa nimesimama kwa ajili yake hata siku moja.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Akaniwahi, akatoa kaunta buku lake, akalifungua mezani.

"Ulijua tangu tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Machi."

"Saa?"

"Saa mbili asubuhi."

Akaandika. Aliandika polepole, akapigia mstari kwa rula. Nikaona kwa juu ukurasa ule una kila diski, kila Ijumaa, na kwenye tarehe 24 Machi palikuwa tayari na alama ya kuuliza kwa penseli. Sasa ameifuta.

Nikamwambia, "Dada Balbina, nisamehe. Nilikuwa naweza kusema siku ile ile."

Akasema, "Najua ulikuwa unaweza. Ndiyo maana nilikuwa naleta diski. Tangu siku ya unyevu nilikuwa nakupa nafasi kila Ijumaa."

Harudi. Chama cha wakulima cha Lupiro kimemchukua awatunzie hesabu ya mbegu na kina cha mto. Nikauliza wana kompyuta. Akasema wana ubao na chaki, umesimama pale wanapopita wote. "Mtu akifuta anaonekana anafuta." Aliyasema kwa kucheka kidogo, kama anayemhurumia fundi aliyesoma kitabu kisicho chake.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mvua haikuwa kubwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Mzee hafungui ukurasa tena. Taarifa zake sasa anazipeleka kwa posta, na kina cha mto anakwenda kukitazama mwenyewe na mwavuli. Ukurasa kaniachia mimi.

Nimetoa mawingu. Nimetoa vihesabu viwili, nikabakiza kile cha kwanza. Mstari wa kijani umerudi juu, mahali ulipokuwa kabla sijajifanya fundi. Na chini yake, kwa herufi kubwa, nimeweka tangazo. Nimelifuta na kuliandika mara nane:

"Takwimu zote za mvua na mto, Februari hadi Machi 1998, zilipimwa na kuletwa kwa wakati na Balbina wa Lupiro. Kuchelewa kuonekana ofisini lilikuwa kosa la Polikarpo, aliyelijua na akanyamaza. Yeyote aliyemfikiria vibaya dada huyu na afikirie upya."

Nimelipeleka saa kumi na mbili na dakika tisa. Kisha nikauomba ukurasa kutoka Dar, kweli kweli, nikasubiri dakika nzima nikiona kila neno linatokea mbele ya dunia. Nilijiona kama niliyesimama peke yangu katikati ya uwanja. Kihesabu kilisoma 211.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua imepungua. Nimefungua ukurasa asubuhi kuona wangapi wamelisoma tangazo kwa wiki nzima. Kihesabu kinasoma 212. Wa 212 ni mimi.